Barua ya wazi kwa Waziri wa Elimu: mzazi aambiwe kabla ya somo

Mheshimiwa Waziri,

Yah: Haki ya wazazi wenye imani ya dini kuhusu mafundisho ya utambulisho wa kijinsia shuleni

Nakuandikia nikiwa mzazi na muumini. Ninaloomba ni hili: shule ikitaka kuwafundisha watoto kuhusu utambulisho wa kijinsia, yaani namna mtu anavyojihisi kuwa mwanamume, mwanamke au vinginevyo, mzazi apewe taarifa mapema, akione kitabu chenyewe, na imani yake ikimkataza, aruhusiwe kumtoa mtoto wake katika kipindi hicho.

Haki hii haikubuniwa jana. Tamko la Kimataifa la Haki za Binadamu la 1948, katika ibara ya 26, linampa mzazi kipaumbele katika kuchagua aina ya elimu ya mtoto wake. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, ibara ya 18, unazitaka serikali ziheshimu uhuru wa wazazi kuwalea watoto katika dini na maadili ya imani yao.

Tazama yaliyotokea wilaya ya Montgomery, jimbo la Maryland, Marekani. Mwaka 2022 bodi ya shule iliingiza katika somo la lugha, kwa watoto wa shule za msingi, vitabu vya hadithi vinavyogusa utambulisho wa kijinsia na mapenzi ya jinsia moja. Mwanzoni wazazi waliweza kuomba watoto wao wasishiriki. Machi 2023 bodi ikafuta ruhusa hiyo. Waislamu, Wakatoliki na Waorthodoksi wakaenda mahakamani bega kwa bega. Tarehe 27 Juni 2025, Mahakama ya Juu, kwa majaji 6 dhidi ya 3, iliamuru wazazi hao wapewe taarifa na ruhusa wakati kesi yao ikiendelea.

Bodi ilidai kwamba maombi yamekuwa mengi mno kiasi cha kuvuruga masomo. Sibezi mzigo wa mwalimu mwenye darasa lililojaa. Lakini wazazi wakijitokeza kwa wingi, huo ni ushahidi kwamba jambo limewagusa pazito, na wanastahili kusikilizwa zaidi. Tena katika wilaya hiyohiyo mzazi aliendelea kuwa na ruhusa ya kumtoa mtoto katika elimu ya afya ya uzazi. Mada ilipohamia kwenye hadithi za somo la lugha, mlango ukafungwa. Mtoto wa miaka mitano hajui kama anasomewa hadithi tu au anafundishwa mwanadamu ni nani. Yeye huamini alichosema mwalimu.

Sidai kura ya turufu juu ya mtaala. Mwaka 1976 Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliwakatalia wazazi wa Denmark waliopinga elimu ya jinsia ya lazima, na ikasema serikali ina mamlaka ya kupanga masomo. Hata hivyo, ikaiwekea serikali mpaka: isitumie darasa kumshinikiza mtoto afuate msimamo usioheshimu imani ya wazazi wake. Mpaka huo ndio ninaoutetea.

Wala sitaki mwanafunzi yeyote ateswe. Wapo watoto wanaohangaika na maswali haya ndani ya nafsi zao. Anayewakejeli au kuwapiga aadhibiwe, na mtoto wangu afundishwe hivyo pamoja na wenzake wote. Dini yangu inaniamrisha kuheshimu utu wa kila mtu. Kumfundisha mtoto asimwonee mwenzake ni kazi yetu sote. Kumfundisha kwamba jinsia ni hisia ya moyoni tu, kinyume cha anayofundishwa nyumbani na kwenye nyumba ya ibada, ni kuingia katika malezi ya dini bila idhini yetu.

Mheshimiwa, toa waraka kwa shule zote. Taarifa iwe ya maandishi, itaje kitabu na tarehe ya somo, na itufikie kukiwa bado na muda wa kusoma na kuuliza. Mwanafunzi anayetolewa apewe kazi nyingine ya somo hilohilo chini ya mwalimu, asipunguziwe alama, wala asitajwe mbele ya wenzake.

Wako mwaminifu,
Mzazi wa mwanafunzi wa shule ya msingi