Nimelipia kozi ya filamu, mbona sijashika kamera?

Mwezi haupiti bila kupokea ujumbe wa aina hii. Wa mwisho ulitoka kwa mwongozaji aliyemaliza nasi kozi ya wiki 6, na hakumung'unya maneno: "Nimelipia mafunzo ya filamu, nimeambulia kujaza majedwali. Kamera sijaigusa hata siku moja. Nirudishieni hela yangu."

Tulimpigia simu, tukaongea karibu saa nzima. Hela hatukurudisha, na sababu naiandika hapa ili mwingine asijiandikishe akitarajia kitu tusichouza.

Kamera hatufundishi. Fomu ya kujiandikisha inalisema hilo, ila nakiri herufi zake zilikuwa ndogo, tumeshazikuza. Tunafundisha usimamizi wa biashara kwa watu ambao tayari wanajua kushuti, kuongoza, kuhariri, kuandaa vipindi. Wengi wao wanatuzidi mbali katika hayo. Wanakuja kwetu kwa sababu kazi zao zinasifiwa na madeni yao hayapungui.

Sasa nije kwenye hayo majedwali. Karibu kila darasa lina mtu anayeuliza siku ya kwanza kama tunaweza kumpa tu bajeti iliyo tayari, abadilishe tarakimu, aende zake. Mtandaoni zimejaa. Mtayarishaji mmoja alituletea ya kwake iliyopatikana hivyo hivyo: alikuwa ameshusha na kupandisha namba mpaka jumla ikalingana na kiasi alichoahidiwa na mfadhili. Filamu yenyewe ilikuwa ya watu wanne ndani ya nyumba moja, lakini kwenye bajeti mlikuwa na mstari wa malisho ya farasi. Kwenye filamu ya mwenye bajeti ya awali huenda farasi walikuwepo. Diski za kuhifadhia picha hazikuwemo. Uchanganyaji wa sauti haukuwemo.

Alishuti siku 18, akamaliza bila senti. Mhariri alikubali kusubiri, naye alisubiri miezi 14. Walipoanza kuhariri ikagundulika kwamba fundi sauti, kwa kukimbizwa, hakurekodi sauti tupu ya vyumba (ukimya wa chumba unaotumika kuziba mapengo ya mazungumzo), na mazungumzo mengi yalifunikwa na kelele za jenereta. Ikabidi waigizaji waitwe studio kurekodi upya, na kufikia hapo kila mmoja alikuwa na kazi nyingine na bei nyingine. Gharama ya kuwarudisha studio peke yake ingelipia ada yetu kwa watu watatu.

Sisi bajeti tunaianzia kwenye skripti. Kila ukurasa unagawanywa katika sehemu 8, na kila onyesho linapimwa kwa hizo nane: hili ni mbili ya nane, lile ni ukurasa na tatu ya nane. Kwa kawaida ukurasa mmoja huhesabiwa kuwa dakika moja ya filamu iliyokamilika. Kisha unakuja mtego. Mwandishi akiandika "jeshi linauvamia mji, nyumba zinaungua", hiyo ni moja ya nane tu, na inaweza kukumalizia wiki nzima. Kwa hiyo mwanafunzi anapita onyesho kwa onyesho akiandika nani yumo, amevaa nini, ni mchana au usiku, kuna mtoto, kuna gari, kuna mvua. Mtoto anabadilisha ratiba nzima, maana saa zake za kazi zina mipaka. Baada ya hapo maonyesho yanapangwa kwa lokesheni, yaani mahali pa kushutia, ratiba inatoka, na ratiba ndiyo inayotuambia bajeti ni kiasi gani. Kazi hii inachukua wiki mbili kati ya sita, nayo inachosha. Tukiambiwa tuifupishe tunakataa.

Mstari unaokatwa kwanza daima ni akiba ya dharura, ambayo kwa mazoea ya kazi hii ni asilimia 10 ya bajeti. Watu wanaiona kama pesa iliyolala. Mfadhili mzoefu asipoiona anaelewa jambo moja tu, kwamba aliyeandika hajawahi kumaliza filamu.

Halafu ipo ripoti ya gharama ya kila wiki. Safu ya kwanza ni zilizolipwa, ya pili ni zilizoahidiwa ambazo ankara zake hazijafika, ya tatu ni makadirio ya kumalizia kazi. Safu ya tatu ndiyo watu wanayodanganyia. Meneja mmoja wa uzalishaji aliandika kiasi kile kile cha kumalizia wiki tatu mfululizo, huku ratiba ikiwa imeteleza siku nne. Tulimuuliza hizo siku nne atazilipa nani. Akanyamaza, akachukua kalamu.

Mikataba ina njia yake ya mkato, nayo ni mbaya kuliko ya bajeti: kunakili mkataba wa rafiki. Tumesoma mkataba wa kipindi cha televisheni ambamo mtengenezaji mwenyewe, kwa karatasi aliyoileta yeye, alitoa "haki zote, kwa vyombo vyote vilivyopo na vitakavyobuniwa, ulimwenguni kote, milele", kwa malipo ya msimu mmoja. Chaneli haikumtapeli. Ilisoma, ikafurahi, ikasaini.

Na wengine wanakubali kupunguza ujira kwa ahadi ya asilimia ya faida halisi. Hapa huwa nasimulia kesi ya Art Buchwald, mwandishi wa Marekani aliyeishitaki studio ya Paramount mwaka 1988 kuhusu filamu ya Coming to America. Mahakama ilikubali mwaka 1990 kwamba filamu ilitokana na wazo lake, na mkataba ulimpa sehemu ya faida halisi. Filamu ilikuwa imeingiza mamia ya mamilioni ya dola kwenye kumbi za sinema, na studio ikasema kwamba kwa hesabu za mkataba faida halisi haipo. Jaji alivikuta baadhi ya vipengele vya hesabu hiyo kuwa vya dhuluma isiyokubalika. Buchwald alipata fidia, lakini kwa miaka ya mahakamani. Hesabu ilikuwa hivi: kabla ya faida kufika kwa mwandishi, inapita ada ya usambazaji, gharama za matangazo, gharama za uendeshaji wa studio, riba, na waliotangulia kwenye foleni ya kulipwa. Katika kozi tunamwaga kiasi kimoja cha pesa juu ya foleni kama hiyo na kila mtu anapiga hesabu kinachomfikia wa mwisho. Darasa huwa kimya sana saa hiyo.

Muziki nao. "Wimbo ni wa rafiki yangu, kaniruhusu." Rafiki ameutunga, sawa, lakini rekodi ni mali ya nani? Kuutumia wimbo kwenye filamu kunahitaji ruhusa mbili, ya utunzi na ya rekodi, na ruhusa ya kuonyesha kwenye tamasha siyo ruhusa ya kuuza kwa chaneli. Filamu moja ya wanafunzi wetu wa zamani ilipata mnunuzi, na ilipoombwa orodha ya muziki na karatasi zake, ikabidi nyimbo tatu zing'olewe na sauti ichanganywe upya. Makaratasi haya si ya kudharau. Filamu ya Night of the Living Dead ya mwaka 1968 ilibadilishwa jina wakati wa kusambazwa, tangazo la hakimiliki lililokuwa pamoja na jina la zamani likaondoka nalo, na kwa sheria ya Marekani ya wakati ule ikawa mali ya umma tangu siku ya kwanza. Yeyote aliweza kuuza nakala zake.

Dada mmoja mwenye kampuni ya vipindi na matangazo alikuja akiwa na kazi nyingi kupita kiasi, na kila mwisho wa mwezi alikopa. Alishuku anaibiwa. Tulimchorea ukutani mtiririko wa fedha wa miezi 6: watu wa seti na wenye taa za kukodi walilipwa siku hiyo hiyo, wateja wake walilipa siku 60 au 90 baada ya kukabidhiwa. Kila kazi mpya ilimchimbia shimo zaidi. Alikuwa anayakopesha mashirika makubwa kuliko yeye bila riba, kwa pesa aliyoikopa kwa riba. Leo malipo yake yanagawanywa: sehemu wakati wa kusaini, sehemu siku ya kwanza ya kushuti, sehemu toleo la kwanza la uhariri likikubaliwa, na salio kabla faili safi, yaani toleo la mwisho, haijatoka mkononi mwake. Wateja wawili walikataa. Mmoja amesharudi.

Kuhusu ada, tunasikia kila siku: "Haya yote yapo bure mtandaoni." Yapo. Ila video haitakusomea mkataba wako ukurasa kwa ukurasa, wala haitakupigia simu usiku kukuambia bajeti yako haina mstari wa bima. Darasa letu halizidi watu 12 kwa sababu kila bajeti inasahihishwa kwa mkono na mtu ambaye wiki iliyopita alikuwa seti. Mtu huyo lazima alipwe. Punguzo hatutoi, ila ada inaweza kulipwa kwa awamu tatu.

Yule mwongozaji, mwishoni mwa simu, nilimwomba anitumie mkataba wa kazi aliyokuwa anaianza. Ulikuwa na kipengele cha kumruhusu mtayarishaji kuhariri upya bila kumshirikisha, na malipo yake ya mwisho yalitegemea "kuridhika" kwa mteja bila kusema kuridhika kunapimwaje wala lini. Amevipeleka vyote viwili vikarekebishwe. Malalamiko yake hajayafuta, naye ana haki hiyo.

Wanaojiunga na darasa lijalo: njooni na skripti au maelezo ya kipindi, bajeti yoyote mliyowahi kuitumia hata kama ni ya aibu, na mkataba mmoja ambao bado hamjausaini. Kamera acheni nyumbani.