Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Halmashauri: tangazo la mtandaoni halikufika ufukweni

Ndugu Mkurugenzi,

Nakusalimu kwa heshima inayostahili ofisi yako. Naandika kwa niaba ya wanawake kumi na wawili tunaoanika dagaa kando ya Ziwa Tanganyika, kaskazini mwa mji wa Kigoma, mahali ambapo gari halifiki na habari huja kwa boti au kwa redio. Barua hii nimeiandika kwa kalamu. Kijana wa boti ndiye atakayeipandisha mtandaoni, kwa kuwa naambiwa ndiko mnakosoma siku hizi.

Jumatano iliyopita kijana huyo alinionyesha, kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, tangazo la halmashauri kuhusu mikopo inayotolewa kutoka asilimia 10 ya mapato yake ya ndani, ambapo asilimia 4 ni ya wanawake, 4 ya vijana na 2 ya watu wenye ulemavu. Mwisho wa kupokea maombi ulikuwa Ijumaa iliyotangulia. Kijana anaapa kwamba alipolisoma mara ya kwanza tarehe ilikuwa ya mbele zaidi, na chini yake palikuwa na maswali ya watu. Sasa tarehe ni nyingine na maswali hayapo. Nilipopiga simu ofisini nilijibiwa, "Mama, lilikuwa mtandaoni."

Ndugu Mkurugenzi, redio hunifuata nilipo. Yangu inaning'inia kwenye nguzo ya kichanja, nami naisikiliza mikono ikiwa ndani ya dagaa, pamoja na wenzangu watatu wasiojua kusoma. Mtandao hunitaka mimi niufuate, niwe na simu janja, chaji na bando, ilhali nina kitochi kinachoshika mawimbi nikipanda mlima ulio nyuma ya shule. Gazeti nalo huchelewa, maana likichapwa Dar es Salaam lina zaidi ya kilomita 1,200 za kusafiri, na kwetu hufika likiwa limefungia maandazi. Hata hivyo, tarehe iliyochapwa humo haibadiliki usiku watu wakiwa wamelala, na waliokosea huchapa masahihisho.

Sisemi mtandao ni mbaya. Una jambo ambalo redio yangu haina: mwananchi anaweza kumuuliza mkurugenzi swali palepale, mbele ya watu wote. Ninyi mmechukua wepesi wake mkayafuta maswali, kwa hiyo mnatangaza vilevile kama redio ya zamani, isipokuwa hii hatuisikii. Hongereni lakini kwa picha za vikao, nasikia ni nzuri sana.

Nadhani sababu ni fedha, kwa kuwa muda wa redio hulipiwa na ukurasa ni wa bure. Lakini ziwa lilipofungwa kwa uvuvi kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti 2024, redio ilitangaza mpaka watoto wetu wakazikariri tarehe. Katazo lilitufikia bila shida. Mkopo ndio uliopotea njia. Miezi mitatu ile vichanja vilikaa vitupu, na ziwa lilipofunguliwa ulisimama mbele yetu mkutanoni ukaahidi kwamba hakuna fursa itakayotupita tena.

Imetupita. Masika yaliyopita magunia saba ya dagaa yalituozea mchangani kwa kukosa turubai, na mkopo tuliutaka kwa ajili ya turubai hizo. Katiba ya kikundi, muhtasari wa kikao na namba ya akaunti, vyote vimo kwenye bahasha chini ya godoro langu.

Tunaomba maombi yafunguliwe upya. Kama haiwezekani, basi tangazo lijalo lisomwe redioni. Kama hata hilo ni gharama, tuletewe karatasi moja tu, yenye muhuri na tarehe, ije na boti ya Jumatano na ibandikwe kwenye ubao wa ofisi ya mtendaji wa kijiji. Ubao bado upo, na tangazo lililobaki hapo ni la chanjo ya mbwa. Karatasi moja, Ndugu Mkurugenzi. Misumari tutaleta wenyewe.

Wako mtiifu,
Katibu wa kikundi cha waanika dagaa,
Mwambao wa kaskazini, Kigoma