Pikapu za sokoni zifungwe kamera za nyuma, na zifungwe sawasawa

Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wako wa barua niwazungumzie wenzangu wenye pikapu za kazi hapa Malindi, pamoja na mafundi wa umeme wa magari, kuhusu kifaa ambacho wengi wetu tunakihesabu kuwa urembo wa magari ya wenye nafasi, yaani kamera ya nyuma.

Pikapu iliyopakia masanduku ya samaki na barafu haina nyuma. Kioo cha ndani kinamwonyesha dereva masanduku tu, na vioo vya pembeni vinamwonyesha ubavu wa bodi na kipande cha njia; lakini pale nyuma kabisa ya mlango wa bodi, mahali ambapo mtoto wa chekechea akisimama kichwa chake hakifiki hata ukingo wa juu wa mlango huo, hakuna kioo kinachopaona. Hapo ndipo anapopita mama mwenye karai kichwani, na hapo ndipo bodaboda anapojipenyeza akiamini kwamba dereva amemwona. Njia za kuingia sokoni na vichochoro vya mitaa yetu havina nafasi ya kugeuza gari, kwa hiyo kuingia mbele na kutoka kinyumenyume ni kazi ya kila siku.

Najua nitajibiwa kwamba utingo yupo. Ni kweli, na utingo makini hana badali. Ila utingo ndiye huyo huyo anayeteremsha mzigo na kufuata risiti ya ushuru, na mara nyingi gari huanza kurudi nyuma yeye akiwa bado anafunga kamba. Hata akiwepo, akipiga bodi kwa kiganja, dereva aliyefungulia redio hawezi kujua kama ameambiwa aende au asimame.

Wenzetu wa nchi nyingine hawakulifikia jambo hili kwa kupenda mapambo. Nchini Marekani, mwaka 2002, mtoto wa miaka miwili aitwaye Cameron Gulbransen aligongwa na kufa katika njia ya nyumbani kwao, gari likirudishwa nyuma na baba yake mzazi. Sheria iliyopewa jina la mtoto huyo ilitiwa saini mwaka 2008, lakini mivutano ilikuwa mingi, na ilifika Mei 2018 ndipo kila gari dogo jipya, pikapu zikiwemo, likalazimika kuwa na kamera inayoonyesha eneo la nyuma lenye upana wa mita 3 na urefu wa mita 6 hivi, na picha itokee ndani ya sekunde 2 baada ya kutia gia ya rivasi. Japani nayo ilianza mwaka 2022 kudai magari ya miundo mipya yawe na kifaa cha kumwonyesha dereva nyuma. Pikapu nyingi zinazobeba mizigo yetu zilitengenezwa kabla ya masharti hayo, na zitaendelea kutumika miaka mingi, kwa hiyo njia iliyobaki ni kuongeza kamera wenyewe.

Hapa ndipo lilipo lalamiko langu. Kamera nyingi zinazofungwa mjini hufa mapema, na mwenye gari hurudi akisema kwamba vifaa hivi ni vya kichina na havifai, ilhali kilichokufa si kamera bali ni kiungo cha waya. Fungua tepu nyeusi iliyozungushwa kwenye waya wa taa ya rivasi, ambako kamera huchukua umeme, katika gari linalobeba samaki, utaikuta shaba imegeuka unga wa kijani unaopukutika mkononi. Ni maji ya barafu yenye chumvi yanayovuja kutoka kwenye bodi, na hewa ya bahari inamalizia. Tepu peke yake haizuii chumvi. Kiungo kichomelewe kwa risasi ya kuunganishia waya, kivikwe mpira unaojibana kwa moto, kisha kiwekwe mahali ambapo maji hayatuami. Na waya wa picha unaokwenda mbele ufuate chesisi ukiwa ndani ya bomba la plastiki, mbali na ekzosi na propela, uingie kebini kupitia tundu lenye mpira, wala si kwa kubanwa na mlango. Kazi hiyo huchukua muda zaidi na fundi anastahili kulipwa kwa muda huo. Sisi wenye magari tunaopunguza bei mpaka fundi aone afadhali tepu tuna sehemu yetu katika lawama.

Mahali pa kuiweka kamera pia pana neno. Katika gari la nyumbani huwekwa juu ya namba ya usajili na mambo yakaisha, lakini pikapu ikibeba mbao au mabati hutembea mlango wa nyuma ukiwa umelala, na kamera iliyofungwa mlangoni hubaki ikitazama lami. Mimi naona bampa ndiyo bora, ingawa huko chini itapata matope na vumbi la maeneo ya Ganda na Kakuyuni, na dereva atalazimika kuifuta kwa kitambaa kila asubuhi. Wenye malori wasidanganywe na bei: umeme wa malori mengi ni wa volti 24, na kamera ya volti 12 pekee inaweza kuungua.

Fundi akimaliza, mwenye gari asiondoke kabla ya kujaribu. Mtu asimame nyuma ya gari, upande wa kushoto wa dereva. Akionekana kulia kwenye skrini, picha haijageuzwa, na dereva atakata usukani kuelekea upande ule ule anaotaka kuukwepa. Kamera nyingi zina kitanzi kidogo cha waya ambacho kikikatwa picha hugeuka, basi ni suala la dakika moja. Ile mistari ya rangi ya kukadiria umbali kwenye skrini nayo isiaminiwe hivi hivi, kwa sababu imechorwa na kiwanda kisichojua kimo cha bampa lako, na lenzi pana hufanya vitu vionekane viko mbali kuliko vilivyo. Weka jerikeni mita moja nyuma ya gari, ukae kwenye usukani, uone inaangukia mstari gani.

Ombi langu kwa Mamlaka ya Kitaifa ya Usalama na Uchukuzi, ambayo hukagua magari ya biashara kila mwaka, ni kwamba wakaguzi waanze kuitazama sehemu hii: taa za rivasi ziwake, na gari lenye kamera lionyeshe picha mbele ya mkaguzi. Kwa wale ambao bado hawana, wapewe muda wa kutosha kabla ya kulazimishwa, maana sheria ikija ghafla mafundi wa tepu ndio watakaopata wateja.

Mfanyabiashara wa samaki,
Malindi, Kaunti ya Kilifi.