Tusiulize ya wiki ile tu

Mhariri,

Kijana akijaribu kujitoa uhai, watu huuliza kulitokea nini wiki ile. Kaachwa na mpenzi? Kafeli mtihani? Nimefundisha shule ya msingi hapa Kilifi miaka 31, na naona tunachimba mahali pasipo na mzizi.

Nilikuwa na mwanafunzi wa darasa la tatu. Babake alikuwa amefariki, mamake yuko Mombasa akitafuta vibarua, yeye na dadake wameachwa kwa ami yao. Saa ya chakula alikula nusu ya githeri, nusu akaifunga kwa karatasi ya daftari ampelekee dadake, mafuta yakilowesha hesabu za kuzidisha. Nilimwongezea upawa mmoja, basi. Darasa la sita akaanza kuvaa sweta la mikono mirefu, na jua la Februari mnalijua. Nilielewa sweta lile linaficha nini. Sikuuliza. Kila asubuhi nilitia alama kwenye rejista kwamba yupo.

Alipojaribu kujiua alikuwa na miaka 17. Mungu saidia, akanusurika. Nilipokwenda kumwona wodini nilimkuta askari kando ya kitanda, maana sheria ya wakati huo ilimhesabu mhalifu. Januari 2025 Mahakama Kuu ilitamka kwamba kifungu hicho, cha 226, kinakiuka Katiba. Nilipoisikia habari hiyo redioni nililia.

Binti yangu, ambaye ni muuguzi, alinieleza utafiti wa Marekani uliotolewa mwaka 2001 kuhusu watu wazima zaidi ya 17,000. Kupigwa, kunajisiwa, kulelewa na mlevi: kila aina ya dhiki ya utotoni iliongeza hatari ya kujaribu kujiua mara 2 hadi 5, na zikirundikana hatari ilizidi kupanda. Nikaanza kuhesabu za mwanafunzi wangu.

Walimu mlio kazini, ulizeni. Kumuuliza mtoto kama anawaza kufa hakumtii wazo hilo kichwani; humpa pa kulitua. Akishindwa kusema nanyi, namba 1199 ya Msalaba Mwekundu haina malipo. Nayo wizara ituletee washauri waliosomea kazi hiyo hadi shule za msingi, badala ya kumwongezea mzigo mwalimu wa Hisabati.

Kijana huyo sasa ni fundi wa pikipiki. Juzi aliniambia, "Mwalimu, ule mwaka wa sweta nilihamia dawati la mbele ili uniulize."

Mwalimu mstaafu,
Kilifi