Shukrani kwa kaka wa maktaba
Kaka ulieniona nahangaika na noti za histori kidato cha sita, jina sikukuuliza ila asante sana jamani. Sababu za Mapinduzi ya Ufaransa 1789 tulikuwa tunakariri tu, wewe ndo ukanionyesha zinavyoshikana, serikali ina madeni kibao baada ya kuisaidia Marekani vitani, mavuno ya 1788 mabovu, mkate umepanda bei, na kodi inambana mnyonge huku makabaila na mapadri wengi wamesamehewa. Halafu ukanipeleka Haiti!! Watumwa wa Saint-Domingue, koloni la Ufaransa ambalo ndo Haiti ya leo, waliamka 1791, Napoleon mtawala wa Ufaransa akatuma jeshi likapigwa, 1804 wakatangaza uhuru wao. Kwangu hayo ndo mapinduzi haswa. Mungu akubariki sana kaka, nami nawaelekeza wenzangu hivyohivyo.