Brekdauni ya yadi si lori la kawaida, na bima yake isiwe ya kawaida

Mhariri,

Wauzaji wa magari yaliyotumika hapa Malindi wengi wao sasa wana brekdauni zao, yaani malori ya kupandishia na kuvutia magari. Biashara inaeleweka. Gari lililotoka bandarini Mombasa, mwendo wa kilomita 120 hivi, ni salama zaidi likipandishwa kuliko kupewa dereva wa kibarua. Siku ambayo hakuna gari la kuleta, lori hilohilo linaitwa kwenda kuvuta magari yaliyokwama Gede, Mambrui au darajani Sabaki. Kasoro iko kwenye karatasi ya bima. Lori lilikatiwa bima kama lori la kubeba mali ya mwenyewe, na kumbe kila wiki linabeba mali ya watu kwa pesa. Kwa kampuni ya bima hizo ni kazi mbili, na kila moja ina bei yake.

Mwenye yadi na atoe mkataba wake kabatini atafute kifungu cha kuvuta gari bovu. Katika mikataba mingi ya magari ya biashara kifungu hicho kinaruhusu lori kuvuta gari moja lililoharibika, kisha kinaweka masharti mawili: lisivutwe kwa malipo, na kampuni haitalipa uharibifu wa gari linalovutwa wala wa vitu vilivyomo. Kwa mtu wa brekdauni masharti hayo mawili yamemaliza kila kitu. Mteja akikutumia hata elfu tatu kwa M-Pesa, hayo ni malipo, na ushahidi umo ndani ya simu yako mwenyewe.

Wengine hujibu kwamba wana bima ya mtu wa tatu. Sura ya 405 ya sheria zetu inalazimisha bima ya kifo na majeraha ya watu barabarani, na kikomo chake ni shilingi milioni 3 kwa mdai mmoja. Gari la mteja lililo juu ya lori lako halimo humo. Hata bima kamili huondoa mali iliyo mikononi mwa mwenye bima, na gari ulilolifunga mnyororo liko mikononi mwako. Kwa hiyo likidondoka pale Matsangoni, deni ni lako peke yako.

Dawa ni kumwambia wakala wazi, kwa maandishi, kwamba lori linavuta na kubeba magari ya wateja kwa malipo, kisha kudai nyongeza ya bima kwa gari linalobebwa. Angalia kikomo chake kwa gari moja. Kikomo cha milioni moja huenda kikatosha Probox. Ukipandisha Prado ya mteja, sehemu kubwa ya thamani yake imebaki nje. Uliza pia ekses, yaani kiasi utakacholipa mwenyewe kabla ya kampuni kutoa chake, maana wapo wanaopunguza ada kwa kuipandisha ekses kimyakimya.

Hasara nyingi hutokea lori likiwa limesimama. Waya uliochakaa wa winchi, mashine ya kuvutia gari juu ya lori, unakatika gari likiwa nusu ya njia, gari linarudi nyuma na kugonga bodaboda au ukuta wa duka. Hapo kampuni inaweza kusema lori halikuwa likitumika kama gari bali kama mtambo, na bima ya barabarani haihusiki. Hatari hiyo hubebwa na bima ya dhima kwa umma, yaani ya hasara unayowasababishia watu wengine, ambayo yadi nyingi hazina. Waya wenye nyuzi zilizokatika, au uliojikunja na kuvunjika kiuno, ubadilishwe, usifungwe fundo. Gari likishapanda, lifungwe magurudumu yote manne, mkanda upite juu ya tairi. Ukifunga bodi au ekseli peke yake, gari linachezacheza kwenye springi zake na mikanda inalegea kabla hujafika Kilifi.

Kuna uharibifu mwingine usio na kishindo. Forester na magari mengine yanayosukuma magurudumu yote manne yakiinuliwa mbele na kuburutwa nyuma, mfumo wa kugawa nguvu unachemka na kuungua. Gari la otomatiki nalo likiburutwa kwa magurudumu yanayoendeshwa na injini, pampu ya mafuta ya giaboksi haifanyi kazi kwa sababu injini imezimwa, na vyuma vinasagana vikavu. Mteja atakuja kesho yake na ankara ya giaboksi. Kampuni itasema huo ni ubovu wa mitambo, si ajali, na hailipi. Magari ya aina hiyo yapandishwe mzimamzima kwenye flatibedi, yaani lori lenye kitanda bapa. Na kabla ya kugusa gari lolote, piga picha pande zote nne, dashibodi na vilivyomo ndani, mteja atie sahihi. Dakika tano tu, lakini ni wachache wanaozitumia.

Leseni ya dereva ni mtego mwingine. Kwa lori la kati ya kilo 3,500 na 7,500 linahitajika daraja la C1. Mwenye daraja B peke yake, la magari madogo, akiendesha, umempa mkaguzi wa madai sababu ya kukataa. Utingo hayumo kwenye bima ya mtu wa tatu kwa sababu ni mfanyakazi wako. Yeye analindwa na sheria ya fidia ya majeraha kazini ya mwaka 2007, ambayo kwa kifo au ulemavu kamili wa kudumu inataja mapato ya miezi 96. Nani ana pesa hiyo taslimu? Mwenye gari bovu akipanda kibini ni abiria, naye anahitaji nyongeza yake. Asiachwe kamwe ndani ya gari linalobebwa.

Namba za KD, yaani namba za wauzaji magari, ni za kuhamisha magari ya yadi ambayo hayajauzwa. Hazifungwi kwenye gari la mteja, wala hazikuwekwa kwa ajili ya kwendea harusini. Magari yaliyoegeshwa yadini yawe na bima yake ya moto na wizi, kwa thamani kamili. Ukiwa na mali ya milioni 20 ukaikatia bima ya milioni 12, hasara ya milioni 5 italipwa milioni 3, kwa kuwa kampuni hulipa kwa uwiano wa bima uliyokata na thamani ya mali.

Wanaopeleka magari Witu, Mpeketoni au hadi Mokowe wasome vipengele vilivyoondolewa kwenye mkataba. Mashambulizi ya kigaidi kwa kawaida yako nje mpaka uyalipie kando, na njia ya Garsen hadi Lamu inajulikana kwa misafara ya polisi. Mafuriko nayo yaandikwe wazi kuwa yamo. Mwaka 2023 na 2024 maji ya Tana yaliikata barabara hiyo upande wa Gamba.

Mwisho, kifungu cha 156 cha Sheria ya Bima kinaikataza kampuni kubeba hatari kabla ya kupokea ada. Wakala akikwambia "lipa mwisho wa mwezi, stika chukua sasa", lori lisitoke yadini.

Wakala wa bima,
Malindi