Bunny na yule rasta wa pale bombani

Oya kaka, mambo, za Mwanza? Mi mzima ila joto la Dar linataka kuniua, na juzi umeme ulikatika toka saa moja jioni nikabaki na simu asilimia 30 na hedifoni inayosikika upande mmoja, nikasema basi ngoja nisikilize ile albamu ya reggae, Blackheart Man ya Bunny Wailer uliyonitumia mwaka jana nikaipotezea.

Aisee nilikuwa nakubishia bure. Siku zote nilisema Bunny ni wa tatu tu pale The Wailers, baada ya Bob Marley na Peter Tosh, kumbe hii ya 1976 ndo albamu yake ya kwanza ya peke yake na haohao Bob na Peter wamekuja kumuitikia, wakati kundi alishaliacha! Akina Barrett, wale ndugu wa ngoma na besi wa The Wailers, nao wamo, besi haina haraka kabisa, inatembea kama mzee anatoka msikitini.

Sasa ule wimbo wenye jina la albamu. Kule Jamaika watoto walikuwa wanatishiwa huyo blackheart man, mtu wa makorongoni anayewatoa watoto moyo, na marasta ndo wakabandikwa hilo jina. Nikacheka peke yangu gizani, si ndo mumiani wetu huyo! Unamkumbuka rasta fundi viatu pale bombani Korogwe, tulivyoambiwa tusimsogelee atatunyonya damu, tunavuka upande wa pili mbio na madumu kichwani? Halafu siku ndala yako imekatika nani aliishona bure, na kipande cha muwa akakupa, ukala huku unatetemeka. Bunny anaimba alivyokatazwa utotoni mpaka na yeye akawa huyohuyo wa kutishiwa watoto. Nimeurudia mara nne, chaji ikafika 9.

Ule wa jela sikiliza taratibu, maana 1967 alifungwa kweli kwa kesi ya bangi, zaidi ya mwaka, lakini sauti laini tu utadhani anambembeleza mtoto. Dreamland sisemi kitu, sikiliza na shemeji. This Train mwishoni naona inajivuta, usinipige.

Ukienda nyumbani Desemba pita pale bombani ucheki kama mzee bado yupo. Na muulize anaitwa nani, maana mpaka leo sijui jina lake.

Wako,
Mimi wa Dar